Mwongozo kamili: mtaalamu wa sayansi unayetaka kujitolea mashuleni Kigoma, pitia hapa kabla hujaenda

Mkoa wetu una watu wa sayansi wengi kuliko watoto wetu wanavyojua. Wapo wa TAFIRI wanaofuatilia samaki wa ziwani, wapo watafiti wa michikichi pale TARI Kihinga, wapo wakufunzi wa chuo cha uvuvi FETA, watu wa maabara hospitali ya Maweni, mainjinia wa bandari na reli, mafundi wa mamlaka ya maji, wahifadhi wa Gombe na Mahale, wafamasia, manesi, watu wa hali ya hewa. Sasa nenda Ujiji ama Mwandiga kamuulize mtoto wa kidato cha pili akutajie mwanasayansi mmoja anayemjua kwa sura, ukimtoa mwalimu wake wa baiolojia atabaki anakuangalia tu. Na huyo mtoto unakuta anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mtu wa maabara, ila anamjua kama baba fulani, hajui akitoka asubuhi anaenda kufanya nini.

Mi kazi yangu ni kupima maji, na kwa muda sasa nimekuwa naenda mashuleni na kuwapeleka wenzangu wa fani nyingine, kwa hiyo haya ndo ninayomwambia kila anayeniuliza naanzaje. Ni marefu, soma taratibu. Neno langu kubwa nalisema mapema: usiende kuhutubia, nenda na kazi yako mkononi, watoto waishike, halafu urudi tena. Mengine yote humu yanatokana na hilo.

HATUA YA 1: Chagua kipande kimoja tu cha kazi yako

Wengi wakipanga kwenda shule wanaanza na hotuba, nimezaliwa wapi, nimesoma wapi, nilitembea umbali gani kufika shule, mwisho "someni kwa bidii". Hayo watoto wanayasikia kila siku mstarini kutoka kwa mwalimu wa zamu mpaka mgeni rasmi wa mahafali. Kitu ambacho hawajawahi kukisikia ni jana wewe ulifanya nini kazini. Chukua karatasi, andika siku yako ya jana toka umefika mpaka umetoka, alafu tafuta humo kitu kimoja chenye swali ndani yake. Injinia wa meli, kwanini chuma kizito vile kinaelea. Mtu wa maji, hili tope linatokaje kwenye maji. Mfamasia, kwanini dawa hii unameza mara tatu kwa siku na ile mara moja. Kimoja tu, ukibeba vitatu utaviharibu vyote.

Na usijitoe kwa kusema mi sio mwanasayansi mi ni fundi sanifu tu, au mi ni nesi tu. Nyie ndo mnahitajika zaidi. Profesa wa kwenye runinga mtoto anamwona kama wa dunia nyingine, ila wewe uliyesoma sekondari ya kata ukachukua diploma yako ukarudi kufanya kazi hapahapa, anakuangalia anaona kabisa njia inapopita.

HATUA YA 2: Chagua darasa na wakati

Kila mtu anakimbilia kidato cha nne kwa sababu wana mtihani wa taifa. Mi nakushauri anza na kidato cha pili, tena mwanzoni mwa mwaka. Kwa utaratibu tuliouzoea mtoto akiingia kidato cha tatu ndo anaamua kama anaendelea na fizikia na kemia au anaziacha, baiolojia inabaki. Uamuzi huo anaufanya bado mdogo, mara nyingi kwa kuangalia rafiki yake ameenda wapi au mwalimu gani ni mkali, na akishaziacha hizo mbili basi uinjinia, udaktari, famasia, maabara, vyote vimeshafungwa na hamna aliyemwambia. Ukija kumkuta kidato cha nne yupo mchepuo wa sanaa ukaanza kumsifia udaktari unamtonesha kidonda bure. Mtaala mpya unaingia kwa awamu, kwa hiyo muulize mwalimu wa taaluma shuleni kwao watoto wanachagua masomo lini, jipange uwafikie kabla ya hapo.

Shule ya msingi nayo nenda, darasa la tano na la sita wana maswali matamu kuliko hata wakubwa, na huko somo linafundishwa kwa Kiswahili kwa hiyo utakuwa huru.

Miezi mizuri ni Februari mpaka Mei, na Julai mpaka Septemba mwanzoni ukiepuka wiki za mitihani ya moko. Septemba darasa la saba wana mtihani wao, na Novemba iache kabisa, kidato cha pili na cha nne wote wako kwenye mitihani ya taifa na walimu wanasimamia.

HATUA YA 3: Barua na ruhusa

Hapa watu wanapaona padogo kumbe ndo panapokwamisha. Usiende shule kwa kumjua mwalimu mmoja ukaingia darasani kimya kimya. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule (kama ni msingi basi kwa mwalimu mkuu), nakala kwa afisa elimu kata. Ukitaka kuzunguka shule nyingi za halmashauri moja, barua inaenda kwa mkurugenzi ikimlenga afisa elimu sekondari, hapo unapata barua moja ya utambulisho unayotembea nayo kote. Ndani ya barua weka jina, kazi, ofisi, mada, darasa unaloomba, muda, vifaa utakavyokuja navyo, na sentensi moja iliyo wazi kwamba huombi malipo yoyote na hukusanyi mchango wowote kwa wanafunzi. Hiyo sentensi inafungua milango, maana wakuu wa shule wameshachoka na watu wanaokuja kwa jina la elimu kumbe wanauza vitabu.

Mwajiri wako pia ajue. Mwambie bosi kwa maandishi, omba saa mbili tatu za siku moja, ofisi nyingi zinakubali ukieleza vizuri na nyingine zitakupa hata gari.

Shule zilizo ndani ya kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu kule Kasulu, zina utaratibu wake tofauti, kuingia kambini ni kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo pitia kwa shirika linaloendesha elimu pale, usijaribu kwenda kivyako.

HATUA YA 4: Kaa na mwalimu wa somo kabla ya siku yenyewe

Siku ya kupeleka barua omba kuonana na mwalimu wa somo lako. Salimia kwa adabu, mwite mwalimu au madam hata kama umemzidi umri, huyo ndo mwenye darasa na wewe ni mgeni wake. Muulize mambo manne: wamefika mada gani, mada gani inawasumbua, maabara ina nini, na darasa lina watoto wangapi. Jibu la mwisho litakushtua pengine, unaweza ukakuta themanini kwenye chumba kimoja, na ulichopanga kwa watu ishirini hakitafanya kazi.

Usije na sura ya kumwonyesha mwalimu kwamba anafundisha vibaya. Yule anafundisha vipindi vingi kwa wiki, pengine fizikia na hesabu na kemia peke yake, maji hamna, gesi hamna, na bado watoto wanafaulu. Ukienda kwa heshima atakupa kitu ambacho hakuna kitabu kitakupa, atakwambia yule binti wa nyuma pale ana akili sana ila haongei, au wale wa dawati la tatu baba zao ni wavuvi. Hizo ni dhahabu.

HATUA YA 5: Panga kipindi

Kipindi cha sekondari ni dakika 40, omba viwili vilivyoungana upate 80. Mi nagawa hivi: dakika kumi za mwanzo najitambulisha na kuweka swali, hamsini za kati watoto wanafanya kwa mikono, ishirini za mwisho maswali. Ukijikuta wewe umeongea zaidi ya robo ya muda, punguza. Projekta achana nayo, umeme unaweza kukatika na hata usipokatika watoto wataangalia picha badala ya kushika kitu. Makundi yawe ya watu wanane au kumi, kila kundi na vifaa vyake, ndo maana vifaa lazima viwe vya bei rahisi, chupa tupu za maji, misumari, kamba, ndoo, vitu vya sokoni.

HATUA YA 6: Mada zenyewe, na hapa nitakaa kidogo

Kitu ambacho Kigoma tumebarikiwa ni kwamba sayansi yote ya kitabuni ipo hapa nje. Nakupa mifano ya fani tofauti, chukua ya kwako au itumie kama kielelezo utengeneze nyingine.

Kama uko upande wa meli, uinjinia au kemia, anza na meli ya Liemba. Kila mtoto wa hapa anaijua kwa jina lakini wachache wamesimuliwa. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vikawekwa kwenye makreti, vikaja na meli mpaka Dar, vikapanda treni ya reli ya kati, ikaungwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Vita ilipowageukia Wajerumani, Julai 1916 wakaizamisha wenyewe, ila kabla ya kuizamisha mainjinia wakapaka injini grisi nzito. Waingereza wakaja kuiinua 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukifika hapo nyamaza, uliza: kwanini walipaka grisi? Waache wabishane. Alafu gawa misumari. Chupa ya kwanza msumari mtupu kwenye maji ya kawaida, ya pili msumari kwenye maji yaliyochemshwa na juu yake tabaka la mafuta ya kula ili hewa isiingie, ya tatu msumari uliopakwa grisi kwenye maji ya kawaida. Kila kundi linaandika linavyotabiri, chupa zinabaki kwa mwalimu, na wewe unarudi wiki ijayo kusoma majibu. Unaona hapo, kutu yenyewe inakulazimisha urudi. Ukitaka na sehemu ya kuelea, chukua udongo wa mfinyanzi, fanya donge litazama, ufinyange uwe bakuli utaelea, waongeze kokoto moja moja mpaka bakuli lizame, hapo Archimedes kaeleweka bila kumtaja.

Watu wa uvuvi mna somo tamu kuliko yote. Uliza darasa: kwanini wakati wa mbalamwezi vipe (mitumbwi ya kuvulia dagaa usiku kwa taa) vinapumzika na dagaa sokoni wanakuwa adimu? Wote wanajua kwamba ni hivyo, wachache wanajua kwanini. Usiku vijidudu vidogo wanavyokula dagaa vinapanda juu, dagaa wanavifuata, na taa ya mvuvi inawakusanya sehemu moja. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina tena nguvu ya kuvuta. Sasa wape kazi ya mwezi mzima, kila jioni mtoto mmoja wa kila kundi aulize bei ya dagaa kwa kipimo kilekile, Kibirizi au Katonga au soko la karibu na kwao, aandike, na pembeni achore mwezi ulivyoonekana. Baada ya mwezi wanachora grafu. Hiyo grafu ni ya kwao, hamna kitabu chenye hiyo, na utaona wanavyobishana siku ambayo haikukaa kwenye mstari, mara mvua ilinyesha, mara upepo ulikuwa mkali, na huko kubishana kwao ndo utafiti wenyewe.

Hapohapo unaweza kuwaambia ziwa lao lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini hewa ya oksijeni ipo sehemu ya juu tu, chini kabisa samaki hawaishi. Chukua chupa ya uwazi, weka maji ya baridi, alafu mimina polepole juu yake maji ya moto yenye rangi, yatakaa juu hayachanganyiki. Puliza kwa mrija uone upepo unavyofanya kazi. Upepo wa kusini wa Mei mpaka Septemba unasukuma maji ya juu na kupandisha rutuba ya chini, ndo chakula cha samaki kinapatikana. Watakuuliza kuhusu kufungwa kwa ziwa, ile miezi mitatu ya 2024 kuanzia Mei hadi Agosti. Jibu kwa sayansi, samaki wanahitaji muda wa kuzaliana na kukua, lakini jibu kwa upole pia, kuna watoto hapo mbele yako ambao nyumbani kulikuwa kugumu kipindi hicho, usiongee kama unatoa tangazo la serikali.

Watu wa kilimo, michikichi. Hii nimeona ikifundisha urithi wa vinasaba vizuri kuliko zile njegere za Mendel ambazo watoto wanazikariri tu. Leta chikichi za aina tatu ukizipata, Dura yenye ganda nene, Tenera yenye ganda jembamba na nyama nyingi, na Pisifera isiyo na ganda gumu. Zikatwe kwa kisu na mtu mzima, watoto wapime unene wa ganda kwa rula. Ganda hilo linaamuliwa na jeni moja, Tenera amechukua nusu kwa Dura nusu kwa Pisifera. Alafu wape kila kundi mifuko miwili, kila mmoja una maharage mekundu na meupe idadi sawa, mtoto anachomoa moja moja bila kuangalia. Mawili mekundu ni Dura, mchanganyiko ni Tenera, meupe mawili ni Pisifera. Darasa la themanini ukijumlisha ubaoni unapata karibu ishirini, arobaini, ishirini. Hapo uliza swali la nyumbani kwao: mzee akiokota mbegu chini ya mchikichi wake wa Tenera akapanda, shamba litakuwaje? Wataona wenyewe kwamba michikichi mingi haitakuwa kama mama yake, wataelewa kwanini Kihinga wanazalisha mbegu kwa kuchavusha kwa mkono, na nakuhakikishia jioni hiyo kuna baba ataelezwa. Kama darasa ni dogo umri, cheza na mafuta yenyewe, mawese na alizeti kwenye vichupa ndani ya maji ya barafu, mawese yataganda na alizeti itabaki maji, kwa sababu karibu nusu ya mafuta ya mawese yana molekuli zilizonyooka zinazojipanga vizuri, za alizeti nyingi zimepinda.

Kwetu watu wa maji ni rahisi. Maji ya tope kwenye chupa tatu, moja iachwe, moja shabu, moja unga wa mbegu kavu za mlonge uliosagwa na kukorogwa na maji kidogo. Koroga kwa nguvu dakika moja, alafu taratibu dakika tano, acha. Udongo una chaji hasi, shabu na protini ya mlonge zinaleta chaji chanya, chembe zinashikana zinakuwa nzito zinatua. Mlonge na shabu zipe muda, anza nayo mwanzoni mwa kipindi na mwisho wa kipindi cha pili mnaangalia. Ila sisitiza, tena mara mbili, kwamba maji yaliyotakata kwa macho hayajawa salama, lazima yachemshwe au yawekwe dawa. Kwenye mkoa wenye historia ya kipindupindu hutakiwi mtoto aende nyumbani akasema mgeni kasema mlonge unatosha.

Watu wa afya, viluwiluwi vya mbu kwenye chupa iliyofungwa kwa chandarua. Wa Anopheles, mbu wa malaria, analala sambamba na uso wa maji, wa Culex ananing'inia kichwa chini. Baada ya hapo wanawatafuta kwenye matairi na makopo ya mtaani kwao. Hakikisha unaondoka nao na unawaua, usiache chupa darasani.

Wahifadhi hamhitaji hata kifaa. Toeni darasa nje, kila mtoto na daftari, dakika ishirini kimya kumtazama mjusi au siafu au kuku na kuandika kila anachofanya na saa aliyofanya. Ndivyo Jane Goodall alivyoanza Gombe mwaka 1960, akiwa hana digrii, na mwaka huohuo akaona sokwe anachuma kijiti anavulia mchwa. Na usiishie kwa Goodall tu. Waambie kwamba wanaowafuata wale sokwe msituni kila siku, mwaka hadi mwaka, na kujaza zile kumbukumbu, wengi ni watu wa vijiji vya jirani na hifadhi, majina ya kwao kabisa. Shule nyingi zina klabu ya Roots & Shoots, ambayo yenyewe ilianzia hapa Tanzania mwaka 1991, ukiikuta ipo ingia kwa mlango huo.

HATUA YA 7: Lugha

Ongea Kiswahili. Sekondari masomo ni kwa Kiingereza na mtoto wa kidato cha kwanza ametoka msingi miezi michache iliyopita, ukimwaga Kiingereza atakaa kimya kwa kuogopa kuchekwa na wewe utadhani hana akili. Eleza kwa Kiswahili mpaka swali lieleweke, alafu andika ubaoni yale maneno matano sita kama yatakavyokuja kwenye mtihani, mwalimu atashukuru. Vijijini Kasulu, Buhigwe, Kibondo salamu ya "mwakeye" mlangoni inafanya kazi kubwa hata kama Kiha chako kinaishia hapo.

HATUA YA 8: Usalama, hapa hamna mjadala

Damu hapana. Usimtoboe mwanafunzi kidole kwa jambo lolote, hata kama wewe ni wa maabara na una kila kifaa, tumia slaidi zilizokwishaandaliwa. Asidi ya betri hapana, moto wa wazi kwenye chumba cha watu themanini hapana. Visu na chupa za kioo anashika mtu mzima.

Mwalimu awepo darasani muda wote, sio akuache aende kusahihisha. Usibaki na mwanafunzi peke yake mahali pa kufungwa, usimpe namba yako, usichukue yake, akitaka kuuliza zaidi aandike, mwalimu atakuletea. Picha usipige mpaka mkuu wa shule akubali, na sura za watoto usizirushe mtandaoni. Na usiahidi. Usiseme nitakutafutia ufadhili, usiseme njoo ofisini nitakupa kazi. Mtoto ataishika ile ahadi kwa miaka, wewe umeshasahau.

HATUA YA 9: Mabinti

Ukisema "kila kundi lianze", wavulana watachukua vifaa na wasichana watachukua kalamu kuandika majibu. Imenitokea kila shule. Panga mapema, kwenye zoezi la kwanza wanaoshika ni wasichana, wavulana wanaandika, la pili wanabadilishana. Ukipata mwenzako mwanamke wa fani yako mwombe aende yeye na wewe uwe wa kumbebea ndoo. Mabinti watamuuliza maswali ambayo wewe huwezi kuulizwa, mfano je uliolewa, je ulipopata mtoto masomo yalikuwaje, wanaume kazini wanakusikiliza? Mwambie mapema ajiandae kuyajibu kwa ukweli.

HATUA YA 10: Maswali ya njia na hela

Yatakuja, tena swali la kwanza linaweza kuwa "unalipwa shilingi ngapi". Usikwepe, sio lazima utaje mshahara wako ila sema kiwango cha anayeanza kikoje, kinatosha nini na hakitoshi nini. La pili ni njia. Hapa nenda na majibu ya uhakika: tahasusi za kidato cha tano kama PCB (fizikia, kemia, baiolojia), PCM (fizikia, kemia, hesabu) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) zinapeleka wapi, kwamba kuna cheti na diploma unaweza kusoma baada ya kidato cha nne bila kupita kidato cha tano, kwamba FETA ipo hapahapa Kigoma na VETA ipo, kwamba mkopo wa bodi upo na unaombwa kwa utaratibu gani. Sifa na ada zinabadilika kila mwaka kwa hiyo angalia kabla hujaenda, usitegemee za enzi zako. Na wasikilize wale wanaonong'ona nyuma, mara nyingi swali lao ni kwamba alama zangu za hesabu mbaya, je nimeshaachwa? Mtoto wa kidato cha pili hajaachwa, mwambie hivyo waziwazi na umwonyeshe kazi gani ya sayansi inahitaji hesabu kiasi gani.

Ukiulizwa kitu hukijui sema sijui, kiandike, uje na jibu safari ijayo.

HATUA YA 11: Gharama na safari

Mjini hapa gharama ni bodaboda na vifaa vya sokoni, basi. Vijiji vya ziwani kama vya ukanda wa Gombe au kusini kule Uvinza unaenda kwa boti, kwa hiyo panga kulala, vaa jaketi la kuokolea, na mwezi wa upepo mkali usilazimishe. Hao wa mbali ndo hawafikiwi na mtu, ukiweza safari moja tu ya huko kwa mwaka ifanye, na uende na mwenzako wa fani nyingine mfundishe madarasa mawili kwa siku. Posho usiombe shuleni, na chakula cha walimu ukikaribishwa kula, usikatae.

HATUA YA 12: Kurudi, na kuacha kitu

Angalau mara tatu kwa mwaka kwa darasa lilelile. Mara ya kwanza mnaanzisha jaribio, ya pili mnasoma matokeo, ya tatu watoto wanawaelezea wenzao wa madarasa ya chini na wewe unakaa nyuma unasikiliza. Mi naona bora shule moja mara tatu kuliko shule tatu mara moja, wenzangu wengine tunabishana hapo ila kwa niliyoyaona sibadiliki. Kundi likionyesha moto, ile grafu ya dagaa au ya maji inaweza kukuzwa ikawa mradi wa kupeleka Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya wanafunzi, mwalimu ndo anaomba, wewe unasaidia kusimamia vipimo, na kazi ya kuandika iwe ya watoto wenyewe hata kama imepinda kidogo.

Weka daftari moja la kazi hii, tarehe, shule, darasa, mada, maswali yaliyoulizwa, kilichokwama. Vifaa vyote viweke kwenye boksi moja na karatasi ya maelezo juu yake, boksi libaki kwa mwalimu wa somo, maana wengi wetu ni watumishi na uhamisho unakuja bila hodi. Ukihamishwa tafuta mtu wa fani yako anayebaki, mpeleke shuleni wewe mwenyewe ukamtambulishe kwa mkuu wa shule na kwa mwalimu, umkabidhi daftari, na barua yake mpya ipitie njia ileile ya kwanza.